UZI: Kunyanyua Hilux ya zamani (LN106) na kuvalisha tairi kubwa. Kipi kinainua nini?

#1 Mzee wa Kilolo

Wakuu salaam.

Kila mvua zinapokaribia swali linarudi lile lile: "Nina Hilux ya zamani, nataka kuinyanyua na kuvalisha tairi kubwa, inchi ngapi zinafaa?" Mtu anatupiwa picha mbili tatu na namba ya fundi, basi, uzi umekufa. Naomba hapa tulijadili kwa kina, na kwa gari moja tunalolijua, ili atakayetafuta baadaye akute pa kuanzia.

Gari ninalolizungumzia ni LN106, double cabin ya 1988 hadi 1997, injini ya 3L dizeli, ekseli nzima mbele na nyuma (chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili), springi za majani kona zote nne. Kama yako ina torsheni baa mbele (vyuma vinavyojipinda badala ya springi za majani), subiri, najua mtauliza.

Jambo la kwanza ndilo linalokula hela za watu. Kwenye gari lenye ekseli nzima, springi haiinui difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Springi imekaa juu ya ekseli, kwa hiyo ukiweka iliyobinuka zaidi kinachopanda ni chasisi, bodi, tanki la mafuta, na ule mlango ambao mama mkwe ataanza kuuogopa. Difu inabaki palepale. Umbali wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi peke yake.

Huku Kilolo hilo ndilo suala zima. Malori ya mbao yanachimba mifereji miwili barabarani na kuacha tuta katikati. Ukiingia humo na Hilux, kinacholima tuta ni difu ya nyuma, si bampa wala ubavu. Mtu anatoa hela ya springi na shokapu, gari linasimama juu, wanakijiji wanasifia, halafu mvua ya kwanza anakwama palepale alipokwama mwaka jana.

Kwa hiyo anza na tairi, springi zifuate.

Hilux yangu ilikuja na 205R16, yenye kimo cha milimita 742 hivi. 235/85R16 ina 806. Ukitoa na kugawa kwa mbili (maana nusu ya kimo tu ndiyo iko chini ya ekseli) unapata milimita 32 za difu. Inaonekana ndogo ukiiona kwenye karatasi. Kwenye tuta la udongo mwekundu uliolowa, ndiyo tofauti ya kupita na kuita trekta.

Kwa nini 235/85 na si 265/75? Kimo chao ni kilekile, 806 kwa 804. Tofauti ni upana. 265 inataka ringi ya inchi 7 kwenda juu, na ringi za chuma tulizonazo wengi ni nyembamba. Kuilazimisha kwenye ringi nyembamba, mabega ya tairi yanabinuka ndani na katikati ndiyo inaliwa peke yake. 235 inakubali ringi ya inchi 6. Na kwenye mifereji, tairi jembamba halipanui kuta za mfereji, linashuka hadi kwenye udongo mgumu linashika.

Angalieni pia uzito inaobeba. 235/85R16 ya mzigo, ile ya "ply 10", nyingi zimeandikwa 120/116 ubavuni: kilo 1,400 kwa tairi moja. Na tarakimu nne za mwisho za DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata (meno) nzuri lakini ina miaka kumi ni mpira uliokauka. Muuzaji atakwambia "ilikuwa stoo". Mwache nayo stoo.

Sasa gharama ambayo hailipwi dukani. Tairi imekua kwa asilimia 8.6, maana yake kila gia imerefuka kwa kiasi hicho. 3L ni injini ya farasi kama 90, haina turbo. Tambarare hutaona kitu, pengine utafurahi kelele zimepungua. Panda mlima Kitonga ukiwa na mzigo ndiyo utajua: ulipokuwa unapanda kwa gia ya tatu, sasa unaomba ya pili.

Spidomita nayo inadanganya. Inaposoma 80 unakwenda 87, inaposoma 50 unakwenda 54. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo pale kwenye vibao vya 50 hawatakuuliza habari za kimo cha tairi.

Springi nitakuja nazo baadaye, kwanza nisikie wengine.

#2 spana_kumi_na_nne

Nimeweka kambi. Mkuu tupia picha basi.

#3 Kijana wa 33

Mzee uzi mzuri ila umebana sana. Mimi nataka 33x12.50R15, ringi pana zilizotoka nje, gari likae kiume. Si kila mtu anabeba mbao. Nikiwa Dar naitaka ya mwonekano na wikiendi nakwenda nayo Lushoto. Inchi 4 za springi nimeshapewa bei. Kuna shida gani?

#4 Mzee wa Kilolo

Kijana wa 33, mwonekano ni hela yako, sina ugomvi nao. Ila hesabu ni ileile. 33 ni milimita 838, yaani asilimia 13 zaidi ya 205R16. Kwenye zile kona za kupanda Lushoto na farasi 90 utakuwa unasukuma kluchi kuliko usukani. Wanaovaa 33 na kufurahi wamebadilisha uwiano wa difu (propela shafti, ule mhimili unaotoka gia boksi kwenda kwenye difu, unazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja), na hapo lazima ubadilishe zote mbili, mbele na nyuma, zilingane. Ukibadilisha ya nyuma tu, siku utakayoingiza four wheel kwenye lami kavu kitu kitavunjika.

Kujua uwiano ulionao: tia kabari tairi za mbele, gia nyutro, legeza handibreki, piga jeki tairi moja tu ya nyuma. Zungusha hiyo tairi mizunguko miwili kamili (miwili kwa sababu tairi ya pili imesimama), mwenzako anahesabu propela shafti imezunguka mara ngapi. Ikiwa nne na nusu na kidogo, ndiyo uwiano wako huo. Mwenye gari aliyepita anaweza kuwa alishabadilisha, usiamini karatasi.

Ringi zilizotoka nje: beringi za habu zimetengenezwa zibebe mzigo ukiwa katikati yake. Ukisogeza tairi nje, kila shimo linazipinda. Usukani nao unakuwa mzito na unavuta kufuata kila mfereji. Nati zetu ni sita kwa duara la milimita 139.7, ringi zinapatikana tele, huna sababu ya kununua zilizotoka nje mpaka zinarusha matope kwenye vioo.

#5 Fundi Unga Ltd

Salaam kutoka Arusha. Mzee umeongea vizuri, naongezea kitu ambacho nakutana nacho kwenye magari yaliyonyanyuliwa kwingine na kuletwa kwangu yakilalamika breki.

Hizi Hilux nyuma kuna vali ya breki inayopima mzigo. Iko kwenye chasisi, ina fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi iko mbali na ekseli, fimbo inaiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisigande. Ukipakia mzigo, chasisi inashuka, vali inafungua, breki za nyuma zinapata nguvu kamili.

Sasa umenyanyua inchi 2. Ukipakia tani moja ya mahindi, chasisi inashuka hadi pale ilipokuwa zamani gari likiwa na mzigo mdogo tu. Vali inaamini gari ni tupu. Breki za mbele zinafanya kazi yote, pedi zinaisha haraka, diski zinachemka, na ukishuka mteremko mrefu kanyagio linaanza kulainika. Mwenye gari anabadilisha pedi, anabadilisha master silinda, tatizo liko palepale.

Dawa ni bracket ya fimbo. Isogezwe kwa kiasi kilekile ulichonyanyua gari, kisha ijaribiwe tupu na yenye mzigo mahali palipo wazi. Kuna mafundi wanaiondoa vali kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja. Usikubali. Siku ya mvua gari likiwa tupu, nyuma itaganda kwanza na kuja mbele kukusalimia.

Pia hozi za breki. Piga jeki chasisi hadi ekseli ining'inie, kata usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, uone kama hozi imevutika. Ikiwa imekaza kama kamba, weka ndefu. Hapo usibanie.

#6 spana_kumi_na_nne

Hii ya vali ndiyo leo naisikia. Yangu fundi alifunga fimbo kwa waya wa kufungia uzio, nilidhani ni ya kushikilia paipu tu.

#7 Fundi Unga Ltd

Hahaha, tafadhali kaifungue huo waya kabla ya safari yoyote.

#8 Mzee wa Kilolo

Asante sana fundi, hiyo nilitaka kuigusia na umeieleza kuliko ambavyo ningeweza.

Haya, springi. Kabla hujanunua chochote chukua futi upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka. Usipime kutoka ardhini, tairi itakudanganya. Pima na ya mwenzako ambaye springi zake bado nzima. Gari la miaka thelathini limebeba mchanga, ng'ombe, harusi na misiba. Springi zimelala. Mara nyingi huhitaji "lifti" yoyote, unahitaji springi mpya za kimo cha kiwandani, na gari litasimama juu kiasi kwamba majirani watauliza umelifanya nini.

Kwa springi zenye afya 235/85 inaingia. Itagusa kidogo ukikata usukani mpaka mwisho huku upande mmoja umebonyea. Ukiongeza milimita 40 hadi 50 inakaa bila kugusa kitu, na hapo ndipo mimi naona pa kusimama kwa gari la kazi. Zaidi ya hapo unaanza kufukuzana na mambo mengine: pembe ya propela shafti, krosi (viungo vya hiyo shafti) zinazoliwa, na ile fimbo ndefu inayotoka boksi la usukani, ambayo ikishalala kwa pembe kali kila tuta linageuza usukani wenyewe mikononi mwako.

Njia za kupata hizo milimita hazilingani.

Springi mpya za majani zilizobinuka kutoka kiwandani, pamoja na shokapu ndefu zinazolingana nazo, ndiyo njia safi. Ghali, lakini inakwisha. Msibakize shokapu za zamani: ekseli ikishuka kwenye shimo, shokapu fupi ndiyo inakuwa kamba ya kuizuia, na inang'oa mashikio yake.

Kupeleka springi za zamani zikakunjwe upya ni rahisi na ndiyo inayofanywa sana. Chuma kinapigwa kikiwa baridi, au kinachomwa bila kurudishiwa ugumu wake, kikishabeba mzigo kinarudi kulala. Kuongeza jani ni afadhali, ila nyuma tu, na kwa mtu ambaye gari halitembei tupu. Ukienda nalo tupu mgongo utakusimulia.

Sheko ndefu, yaani kile kishikio kinachoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chasisi. Ukiongeza sheko kwa milimita 100, gari linapanda 50 tu, kwa sababu upande wa pili wa springi haujasogea. Na kwa vile umeinua upande mmoja, ekseli inazunguka kidogo. Mbele, hiyo inabadilisha kasta, ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Ikipungua, gari linaanza kutangatanga barabarani na unalirekebisha muda wote.

Vyuma vya kupachika kati ya springi na ekseli: nyuma, kimoja, kifupi, cha chuma kizima, pamoja na yu-bolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), sawa. Mbele usiweke kamwe. Ukifunga breki ekseli ya mbele inataka kujizungusha, na hicho kipande ndicho kitachoondoka.

Yu-bolti ziwe mpya daima, zimeshavutika zile. Bolti za sheko na bushi zikazwe gari likiwa chini kwenye tairi zake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, bushi za mpira zinaanza maisha zikiwa zimejipinda na zinachanika mapema. Kisha rudi gereji baada ya kilomita mia kadhaa ukaze yu-bolti tena. Hilo la kurudi watu hawalifanyi.

#9 Nanyuki 4x4

Wadau wa TZ, salamu kutoka huku Laikipia. Nimesoma yote na nimeelewa, lakini yangu ni Hilux ya baadaye, ile LN166, mbele ina torsheni baa. Makanika ameniambia hakuna haja ya kununua kitu, anakaza zile baa kwa spana tu gari inapanda. Naenda sana Maralal, napita njia za mawe na makorogesheni. Nimkubalie?

#10 Fundi Unga Ltd

Nanyuki, anachosema ni kweli, inapanda. Anachoacha kukwambia ni kwamba hajaongeza springi, amehamisha tu mahali gari linapokaa. Gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka; sasa ya kushuka imekwisha. Ukipita kwenye makorogesheni, mkono wa juu unagonga stopa kila mara, ndiyo ule mlio wa nyundo utakaousikia. Ekseli shafti za mbele nazo zinakaa kwa pembe kali, buti zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia.

Kukaza kidogo kurudisha kimo kilichopotea kwa uzee, sawa. Usipitishe milimita 30 hadi 40, na ukitoka hapo nenda moja kwa moja alaimenti, maana kamba, yaani mlalo wa magurudumu ukiyatazama kwa mbele, imehama. Kwenye gari lako kuna faida moja: difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo ya kwako inapanda pamoja na gari. Ya nyuma bado ni ya ekseli nzima, sheria ya Mzee inabaki.

#11 Nanyuki 4x4

Asante boss. Basi aniwekee ya kurudisha kimo tu, tairi nitafute ngumu ya ubavu.

#12 Kijana wa 33

Mzee kuna jamaa kaniambia niinue bodi badala ya springi, yaani vipande vinawekwa kati ya chasisi na kabini. Bei nusu.

#13 Mzee wa Kilolo

Inafanya kazi moja tu: inampa tairi nafasi ya kuzunguka bila kugusa madigadi. Pembe za propela na usukani hazibadiliki, hiyo ni sifa yake. Lakini lazima uangalie fimbo ya gia, shafti ya usukani, mdomo wa tanki, waya za ethi, na boksi la rejeta, maana rejeta inapanda na bodi huku feni ikibaki chini na injini. Vipande viwe vya inchi moja, bolti zake ndefu za daraja zuri. Ukiona mtu anakuchongea vya mbao, ondoka.

Na ndugu yangu, hiyo inchi 4 uliyopewa bei, muulize kama ndani yake kuna hozi, shokapu, bracket ya vali, na kabari za kurekebisha pembe ya difu. Ukiviongeza vyote hivyo rudi utuambie bei mpya. Tena kumbuka gari likipanda, kitovu cha uzito kinapanda nalo. Huku kwetu barabara zimelalia bondeni, ukiwa na mzigo juu unausikia mwili wa gari ukifikiria.

#14 Mama Mpunga

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Mbarali, kazi yangu ni kutoa mpunga mashambani. Udongo wetu si mwekundu huo, ni mweusi wa mbuga, ukilowa hauna chini. Je, hilo la tairi jembamba linafaa na huku? Na kuna mtu ananiuzia seti ya 7.50R16 za tyubu na ringi zake, bei nzuri. Nichukue?

#15 Mzee wa Kilolo

Shikamoo dada kama umenizidi, na kama sivyo pokea heshima yako. Swali zuri kuliko yote humu.

Tairi jembamba linasaidia pale ambapo chini kuna kitu kigumu cha kulifikia. Huku kwetu kipo. Huko kwenu, ukizama unaendelea kuzama hadi chasisi ilale kwenye udongo. Hapo upana ndio unakubeba, na kupunguza upepo kunakubeba zaidi. 265/75 kwenye ringi yake sahihi ya inchi 7, ukishusha upepo hadi psi 20 ndani ya shamba na kuendesha taratibu, itakutoa mahali ambapo 235 iliyojaa upepo itachimba kaburi. Ukirudi kwenye lami jaza kabla ya kuongeza mwendo, beba pampu ya kuchomeka kwenye betri.

Hizo 7.50R16 ni tairi za kazi kweli, kimo chake kinakaribiana na 235/85, na kila mwenye gundi barabarani anaweza kuziziba. Shida ni tyubu. Ukishusha upepo, tairi inateleza kwenye ringi, tyubu inavutwa nayo, na mdomo wa upepo unakatika. Kwa hiyo ile mbinu ya psi 20 huna. Kama unapita zaidi kwenye kifusi na kokoto, chukua. Kama ni majaruba kila siku ya mavuno, tafuta za bila tyubu.

Na udongo ule ukigandia kwenye makashata, tairi yoyote inakuwa laini kama yai. Chagua yenye nafasi kubwa kati ya kashata na kashata ili itupe udongo ikizunguka.

#16 Mama Mpunga

Marahaba, nimekuzidi nadhani, nina wajukuu. Je hizo 265 zitaingia bila kunyanyua? Springi zangu nyuma nimeongeza majani mawili, mbele sijagusa tangu ninunue.

#17 Mzee wa Kilolo

Basi mbele ndiko kumelala, na nyuma umeinua, gari linatembea limeinama. Pima katikati ya habu hadi madigadi mbele, kushoto na kulia, utuletee namba. Upande wa dereva mara nyingi unakuwa umeshuka zaidi. Tukijua hizo tutajua kama unahitaji springi mpya za mbele tu au na hozi. Na kabla ya yote chungulia ile fimbo ya vali ya fundi wa Arusha, maana majani mawili nyuma tayari ni kunyanyua, hata kama hukukusudia.

#18 Fundi Unga Ltd

Hapo kwa Mama nakazia. Majani mawili na mzigo wa mpunga, vali ile haijawahi kufunguka vizuri tangu siku hiyo. Mama, pedi za mbele unabadilisha mara ngapi?

#19 Mama Mpunga

Mara nyingi mno mwanangu. Nilidhani ni pedi feki. Kesho gari linaingia gereji, namba nitazileta.